Boti inapita, maji ndo yanalipa

Kama unakaa Birmingham, Uingereza, au hata unapita tu, nenda pale Farmer's Bridge katikati ya jiji. Ni bure, hamna tiketi. Kuna mfereji wenye loki 13, yaani vyumba vya maji vya kupandisha na kushusha boti, zimefuatana zinashuka chini ya madaraja na maghorofa, na ukibahatika boti ikaja utajikuta umesimama nusu saa nzima hujui umefuata nini. Watu wanasema hiyo burudani ya wastaafu, mi naona shida ni kwamba wote macho kwenye boti, wakati anayefanya kazi pale ni maji.

Loki yenyewe ni chumba kirefu chembamba cha matofali, geti huku geti kule. Boti zimeundwa kwa kipimo hichohicho, upana mita 2 na kitu, urefu zinafika hadi mita 21, ikishaingia mle ubavuni hata kiganja hakipenyi vizuri. Jamaa anashuka na hendeli yake ya chuma, anazungusha, kra kra kra, vijilango vya chini vinafunguka, maji yanatoka kwa fujo na boti inashuka taratibu huku kuta zenye utando wa kijani zinazidi kurefuka juu ya kichwa cha mwenye usukani, yeye yuko bize na kikombe cha chai. Sasa jaribu kufungua geti kabla maji hayajalingana, ita hata vijana wa mtaa mzima, halitikisiki, maji yenyewe yamelikandamiza. Yakishalingana tu, mama wa makamo anaegemeza mgongo kwenye lile gogo refu la kusukumia geti na geti linamfuata. Hamna umeme wala mota, na ni mambo ya mwisho wa miaka ya 1700 hayo!

Ila kila boti ikishuka inaondoka na maji ya chumba kizima kutoka juu, lita laki moja na ushee, na hayapandi tena mpaka uyapige pampu. Birmingham iko mwinukoni, ndo maana miaka ya 1820 mhandisi Thomas Telford alipanua lile bwawa la Edgbaston, kulisha mifereji. Leo watu wanakimbia mazoezi pembeni yake wanadhani ni urembo. Kiangazi cha 2025 sehemu za mfereji wa Leeds na Liverpool, kaskazini mwa Uingereza, zilifungwa kwa sababu maji ya mabwawa yalipungua sana. Hata mfereji wa Panama, pamoja na ukubwa wote ule, 2023 ilibidi wapunguze meli, mvua hamna.

Ndo maana wananiudhi hawa wa boti za kukodi wikiendi. Loki iko tupu, wao wako juu wanataka kushuka, na boti nyingine wanaiona kabisa inapanda kutoka chini. Waache wale waingie, wapande na maji yanayojaa, halafu na nyie mshuke na maji hayohayo, boti mbili kwa chumba kimoja. Hapana, wana haraka, wanajaza wenyewe, wanashuka, halafu yule wa chini anajaza mengine tena kutoka juu. Haraka ya nini bwana, kwenye chombo ambacho mtu wa miguu anakipita?

Mi ningesema miezi ya ukame loki zifunguliwe saa maalum tu ili boti zikutane. Wenye boti watapiga kelele kwamba wanalipia leseni, sawa, wapige. Kwa sasa nikiona mtu anashika hendeli na mwenzake anakuja huwa namwambia asubiri kidogo, wengine wanashukuru, wengine wananuna.