Bila kani dhaifu, Likoni kungekuwa na maji?

Nimenunua chana la kisukari hapa Kongowea, na kabla sijamenya ya kwanza, viini kadhaa vya potasiamu-40, aina ya potasiamu yenye mionzi, ndani yake vimeshageuka kalsiamu. Katika ndizi ya wastani hugeuka zaidi ya 10 kila sekunde. Asiogope mtu: potasiamu hiyo hiyo imo miilini mwetu tangu tuzaliwe. Inayovigeuza ni kani dhaifu ya nyuklia. Haifiki mbali, hata sehemu moja ya mia ya upana wa protoni haitimizi, lakini ndiyo pekee inayoweza kuigeuza nyutroni ikawa protoni, au protoni ikawa nyutroni.

Je, uhai ungewezekana bila kani hii? Wengi tumefunzwa kuwa hapana, kwa sababu ya jua. Protoni mbili zikigongana humo haziwezi kushikamana mpaka moja igeuke nyutroni papo hapo, jambo lililo nadra mno: kila protoni husubiri kwa wastani mabilioni ya miaka. Ndiyo maana jua limewaka miaka bilioni 4.6 na bado lina kuni.

Mwaka 2006 wanafizikia Roni Harnik, Graham Kribs na Gilad Perez waliipinga hoja hiyo. Ulimwengu usio na kani dhaifu, walisema, ungeweza kuanza na haidrojeni nzito ya kutosha, ambayo nyutroni inayo tayari. Nyota zingeiunganisha na protoni bila kugeuza chochote, na zingedumu mabilioni ya miaka. Hapo nawakubali.

Kwenye maji ndipo tunapoachana. Simama Likoni ukingoja feri, utazame yale maji: karibu sehemu 9 kwa 10 za uzito wake ni oksijeni. Oksijeni hiyo kwa sehemu kubwa ilipikwa ndani ya nyota kubwa, ikamwagwa angani zilipolipuka. Kitovu cha nyota huporomoka, nyutrino (chembe nyepesi mno zinazoigusa maada kwa kani dhaifu tu) humiminika, na hizo ndizo zinazoaminika kuusukuma mlipuko. Bila kani dhaifu nyutrino haina la kufanya. Harnik na wenzake waliegemea milipuko ya nyota ndogo zilizokwisha kuzimika, ambayo kweli haihitaji nyutrino. Ila hiyo hutoa zaidi metali za jamii ya chuma na nikeli, oksijeni kidogo. Mwaka huo huo wanafizikia Clavelli na White waliwajibu kwa hoja hii ya uhaba wa oksijeni. Mpaka mtu aonyeshe itatoka wapi, mimi niko upande wao.