Haki rejeshi shuleni: asasi za jamii zifanye nini, na ziishie wapi

Mwanafunzi akimpiga mwenzake, shule nyingi za umma zina jibu moja lililozoeleka: barua ya kumsimamisha masomo siku 3 au 5. Kuiandika ni kazi ya dakika 10. Siku zikiisha anarudi darasa lile lile, anaketi karibu na yule yule aliyempiga, na hakuna aliyewauliza lolote. Haki rejeshi inaingia hapo: aliyekosea ayakabili madhara aliyoyasababisha, aliyeumizwa aseme anachohitaji, kisha wakubaliane jinsi ya kurekebisha. Kwa kuwa shule hizo mara nyingi hazina mtu wa kuifanya kazi hiyo, huingia ubia na asasi za jamii. Wapo wanaouona ubia huo kama msaada uliochelewa, na wapo wanaoona shule inakabidhi malezi kwa wageni.

Kikao kimoja cha kesi nzito kinadai mengi. Mwezeshaji huonana kwanza na kila upande peke yake kwa dakika 30 hadi 45, akitafuta mambo mawili: je, aliyekosea anakiri alichofanya, na je, aliyeumizwa anakuja kwa hiari yake? Jibu moja likiwa hapana, kikao hakifanyiki. Baada ya hapo watu 6 hadi 10 huketi kwa duara bila meza katikati, kila mtoto akiwa na mtu wake wa kumuunga mkono. Maswali ni machache: nini kilitokea, ulikuwa unawaza nini wakati ule, nani ameumia na kivipi, nini kifanyike sasa. Swali la "kwa nini ulifanya hivi" huepukwa, maana mtoto akiulizwa hivyo hujitetea badala ya kusimulia. Makubaliano huandikwa: nani atafanya nini, kufikia lini, na nani atahakikisha. Ufuatiliaji hufanyika baada ya wiki 2, kisha tena baada ya wiki 6 hivi. Ukijumlisha yote, kesi moja hula saa 5 au 6 za mtu mzima. Ndiyo maana barua ya dakika 10 haiachwi kirahisi.

Hoja kubwa ya wanaounga mkono ubia ni kwamba ugomvi hauanzii shuleni. Huanza mtaani au kwenye simu Jumamosi, ukaingia darasani Jumatatu ukiwa umeshaiva. Mtu wa asasi anazijua familia zote mbili na anaweza kukutana na wazazi jioni, wanapotoka kazini. Zaidi ya hayo, yeye si mtoa adhabu. Mwalimu wa nidhamu aliyemsimamisha mtoto wiki iliyopita akiongoza duara, mtoto atasema kile anachodhani kitampunguzia adhabu, si kile kilichotokea. Mfano unaotajwa sana ni wa Oakland, Marekani: asasi ya RJOY ilianza na shule moja mwaka 2007, na kufikia mwaka 2010 halmashauri ya shule za mji huo ilikuwa imepitisha azimio la kuufanya utaratibu huu kuwa sera.

Upande wa pili hauna hoja nyepesi. Huko Pittsburgh, pia Marekani, shule 44 ziligawanywa kwa kura, nusu zikatumia mbinu hizi kwa miaka miwili kuanzia 2015. Matokeo yaliyotolewa na taasisi ya utafiti ya RAND mwaka 2018 yalionyesha kwamba siku za kusimamishwa zilipungua na walimu waliona mazingira ya shule yakiboreka. Lakini alama za wanafunzi wa darasa la 6 hadi la 8 zilishuka, na wanafunzi wenyewe hawakusema kwamba darasa limetulia zaidi. Mzazi ambaye mtoto wake hajawahi kugombana na mtu ana haki ya kuuliza kuhusu matokeo hayo, na kumjibu kwamba haelewi falsafa ya urejeshaji ni kumkosea heshima.

Jaribio lililofanyika katika shule 40 za sekondari kusini-mashariki mwa Uingereza, likachapishwa mwaka 2018, linatufundisha zaidi kuhusu ubia wenyewe. Mwezeshaji wa nje alifanya kazi na kamati ya walimu na wanafunzi kwa miaka 2, mwaka wa 3 shule ikaendelea yenyewe. Uonevu ulipungua, ingawa kwa kiasi kidogo. Kwa uchokozi kwa jumla hapakuwa na tofauti ya kutegemea. Kwangu, la maana zaidi ni ule mpango wa kuondoka uliowekwa tangu mwanzo.

Mipango mingi ya ubia huvunjikia hapo hapo. Asasi huja na ruzuku ya mwaka mmoja na mwezeshaji anayefika Jumanne na Alhamisi. Vita vikizuka Jumatano saa nne asubuhi, mwalimu hana pa kukimbilia ila kwenye barua. Ruzuku inaisha, mwezeshaji anaondoka, na ujuzi wote anaondoka nao. Kuajiri wawezeshaji moja kwa moja kunasaidia, ila hakumalizi tatizo: mwaka 2019, bajeti ya shule za Oakland ilipobana, nafasi hizo nazo ziliwekwa kwenye orodha ya kupunguzwa.

Kwa hiyo sikubaliani na shule inayofuta adhabu ya kusimamisha masomo mwezi wa kwanza wa mradi. Ianze na duara za kawaida za darasani, dakika 15 kwa wiki, pasipo kesi yoyote, ili watoto wazoee kusikilizana kabla hawajagombana. Asasi iongoze kesi nzito mwaka wa kwanza, walimu 2 au 3 wakiwa pembeni wakijifunza. Mwaka wa pili wabadilishane nafasi. Saa za walimu hao ziandikwe kwenye ratiba, maana kazi inayoachiwa muda wa mapumziko hufa kabla ya muhula kwisha.

Mkataba nao useme mambo ambayo watu huona aibu kuyauliza. Nani anatunza kumbukumbu za kikao, na mkuu wa shule anaruhusiwa kusoma nini? Mtoto akifichua kwamba anapigwa nyumbani, mwezeshaji anatoa taarifa kwa nani, siku hiyo hiyo? Ni kesi zipi haziingii kwenye duara kabisa? Ukatili wa kingono usiingie. Uonevu wa muda mrefu usiingie mpaka aliyeonewa awe salama, na aombe mwenyewe. Na asilazimishwe kusamehe. Akilazimishwa anaumizwa mara ya pili, safari hii mbele ya watu. Mzazi asiyejua lugha ya shule aletewe mkalimani mtu mzima. Mtoto mwenye kesi hawezi kumtafsiria mzazi wake mashtaka yake mwenyewe.

Halafu kuna suala la kupima. Idadi ya waliosimamishwa haitoshi, kwa sababu inashuka siku ile ile mkuu anapokataza barua, hata kama hakuna duara lililofanyika. Kinachofaa kuhesabiwa kila muhula ni makubaliano mangapi yalitimizwa kwa tarehe iliyoandikwa, wangapi walirudia kosa, waliotendewa wanasemaje baada ya wiki 6, na ni watoto wangapi waliotolewa nje ya darasa au kurudishwa nyumbani "wapumzike" bila kuandikwa popote.