Na timu yenyewe?

Ukisema hapa Dodoma kwamba timu yako ni Dodoma Jiji, watu watakusikiliza kwa adabu mpaka umalize, kisha watakuuliza: "Sawa, na timu yenyewe?" Yaani Simba au Yanga. Nimeulizwa na kinyozi, na dereva wa bajaji, na shemeji yangu tukiwa mezani, hata na mzee mmoja wa Makole aliyenisalimu "Mbukwa" vizuri kabisa kabla hajanitupia swali hilo hilo. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kwao Jiji ni anwani tu: umetaja unakokaa, bado hujasema u nani.

Jumamosi moja nililisikia swali hilo mara mbili, na mara ya kwanza mpira haukutajwa kabisa.

Asubuhi nilikwenda kwenye mkusanyiko wa vijana wanaochanganya sanaa na teknolojia, kwenye ukumbi mdogo upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Saa kumi jioni Jiji walikuwa na mechi uwanja wa Jamhuri dhidi ya mmoja wa wakubwa wa Kariakoo, kwa hiyo jezi nilikuwa nimeivaa kabisa ndani ya shati. Mengi ya asubuhi ile nayaruka: programu tatu za kuagiza chakula ambazo ukizibadilisha rangi huzitofautishi, katuni nzuri ya mtoto na mbuyu, na projekta iliyogoma mpaka mtu akaipiga kofi.

Halafu akaja binti mmoja, mwanafunzi, akaweka ilimba mezani. Kwa wasioijua, ni ala ya Wagogo, kasha la mbao lenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, ile aliyoizungusha dunia nzima marehemu Hukwe Zawose. Vijiti vingine havipigwi kabisa; vinatetema vyenyewe vikisikia wenzao. Matundu ya kasha huzibwa kwa utando wa mayai ya buibui, ndipo unapopata ule mlio wa kuvuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Binti alikuwa amerekodi kila kijiti ili mtu aweze kupiga ilimba kwenye simu. Tatizo lake lilikuwa tamu kweli. Programu nyingi za muziki hupangwa kama kinanda, hatua 12 zilizo sawa. Wagogo noti zao wamezichukua kwenye mlio asilia, na mojawapo huangukia katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Kila alipoingiza rekodi, programu ilimsaidia kwa kumvutia noti ile kwenye kibonye cha jirani. Ikawa safi, na ikawa si ilimba tena. Alikesha wiki kadhaa akizima msaada huo mmoja baada ya mwingine.

Alipomaliza, mmoja wa waliokaa mbele kutoa maoni akauliza: "Kazi nzuri. Lakini Dar itauzika?"

Nikajikuna jezi yangu chini ya shati.

Silaumu kuuliza soko. Kijana anahitaji kula, na wateja wengi wako Dar, hilo halina ubishi. Kinachonikera ni kwamba lilikuwa swali la kwanza. Hakuna aliyeuliza kama wazee wanaopiga ilimba huko vijijini wameisikia, na wamesema nini kuhusu ile noti. Kazi ilikuwa bado haijapimwa nyumbani, tumeshaipeleka ugenini kutafuta kibali. Ndiyo kusema: sawa, na timu yenyewe?

Jamhuri nilikuta uwanja umevaa rangi za mgeni. Hili nalo lina sababu zake. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, jiji tumetangaziwa 2018, na watumishi walipohamia walikuja na masanduku, watoto na timu zao. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, shabiki anaweza kutoka Dar asubuhi akawahi mechi. Na Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936. Jiji tumepanda Ligi Kuu 2020. Babu zetu walirithisha mapenzi yao kabla sisi hatujawa na cha kurithisha. Tena mgeni akija ndipo mageti yanapoingiza hela. Yote hayo nayakubali.

Na mimi mwenyewe si msafi. Nimelelewa kwenye nyumba nyekundu. Mei 2025, Simba walipocheza na RS Berkane marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho pale Amaan, Zanzibar, nilikuwa kibandaumiza tangu mapema, na ile sare ya 1–1 iliyowapa Wamorocco kombe ilinilaza bila kula. Lakini Simba wakija Jamhuri, wananikuta ng'ambo. Jirani yangu anaita unafiki. Mimi naona moyo una vyumba, ila sebuleni anakaa mwenye nyumba.

Upande wetu wa mzunguko tulikuwa wachache, na kina mama wanne waliokuja na ngoma za muheme. Mgeni akigusa mpira, uwanja mzima unanguruma. Jiji, yaani Walima Zabibu, wakigusa, unasikia muheme, makofi yetu, na yule mtu mmoja anayemtukana refa kwa Kigogo ili asieleweke. Matokeo sitayaandika, yamenitosha siku ile.

Nikakumbuka binti alisema anatafuta sauti za Dodoma za kuchezea kwenye mradi wake unaofuata, na namba yake alikuwa ameiandika ubaoni kwa kila mtu. Nikainua simu, nikarekodi muheme kama dakika moja, nikamtumia nikiwa bado kwenye kiti.

Jibu lilifika nikiwa kwenye foleni ya kutoka: "Asante kaka. Ila ngoma iko mbali sana, anayesikika ni muuza karanga."

Mechi ijayo ya nyumbani nitakaa karibu na kina mama.