Bahasha ya ubatizo: isomwe hadharani au ikae imefungwa?

Sherehe za ubatizo hapa Goma, mashariki mwa Kongo, siku hizi zina ugomvi mmoja mkubwa, nao ni wa bahasha. Baada ya Misa wageni wanakaa chini ya turubai, wanakula, kisha protokoli anashika kipaza sauti na kuita ukoo wa baba, ukoo wa mama, majirani, wenzi wa kazini. Kila kundi linainuka likicheza na kuleta zawadi zake. Kwa baadhi ya familia bahasha inafunguliwa papo hapo na kiasi kinasomwa. Kwa nyingine inawekwa kikapuni, basi. Kila upande unaushangaa mwenzake.

Wanaotetea kusoma wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Zawadi kwetu ni deni la heshima, na deni lina daftari. Humo huandikwa jina na alicholeta mtu: beseni lenye sabuni, nepi na mafuta ya mtoto, kitenge cha yadi sita cha mama mzazi, kreti ya soda, mbuzi. Mwanao akibatizwa mwakani, nitafungua daftari nijue nilipe namna gani. Bahasha isiyosomwa inaweza kupotelea mkononi mwa kijana aliyetumwa kuipeleka ndani, na mtoaji akadhaniwa alikuja kula tu. Tena tangu benki zifungwe mjini mwishoni mwa Januari 2025, kupata noti mkononi ni kazi. Aliyeitoa amejinyima, na si dhambi akitamani ijulikane.

Mtazame mtu anavyoandaa bahasha yake. Anainua noti ya dola kwenye mwanga, anapitisha kidole kwenye kingo zote nne. Ikiwa imechanika hata kidogo, huko mtaa wa Birere mwenye duka atairudisha bila kuitazama mara ya pili. Ndiyo maana naudhika ninapoona wazazi, kesho yake, wamebaki na noti mbilimbili, tatutatu ambazo hakuna anayezitaka. Bahasha ya mtoto si mahali pa kutupia noti zilizokataliwa sokoni. Kama huna noti nzima, leta sabuni. Sabuni haina ukingo wa kukaguliwa.

Lakini kipaza sauti kina bei yake, na wanaoilipa ni wanyonge. Nimemwona mama akiukunja mkono wake na kuirudisha bahasha kwenye mkoba, kwa sababu aliyemtangulia ametangaziwa dola hamsini na yeye ana faranga za kununua kilo chache za sukari. Sherehe ijayo mama huyo hatakuja. Atatuma salamu. Na mara nyingi ndiye jirani aliyempikia mzazi uji, akamshika mtoto usiku wa homa. Tukimkosa huyo chini ya turubai, tumemsherehekea mtoto na nani?

Kanisa Katoliki lenyewe limeliona jambo hili katika milango yake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 848, inamkataza mhudumu wa sakramenti kudai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na wenye mamlaka, na inamtaka aangalie fukara wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Itakuwaje basi fukara apokelewe altareni, halafu aone haya uani kwetu? Ndugu zetu wa kanisa la CBCA ni Wabaptisti, hawabatizi watoto wachanga, lakini hata huko mtoto akishaombewa kanisani na watu wakakusanyika nyumbani, swali ni lilelile.

Gumu zaidi ni la baba na mama wa ubatizo, yaani wasimamizi. Wazazi wengi wanamtafuta mkubwa wa kazi au mfanyabiashara, na kila mtu anajua sababu. Kanuni ya 874 inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepokea kipaimara na ekaristi, aishi maisha yanayopatana na imani, wala asiwe baba au mama wa mtoto. Mfuko wake haukutajwa. Hata hivyo siwezi kuwahukumu wazazi hao upesi. Mji huu umeukimbia moto wa volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, na vita mara nyingi zaidi. Mzazi anayemtafutia mtoto wake mtu wa kumkimbilia ana hofu, na hofu hiyo ina msingi. Ninachokataa ni kumwelemea msimamizi kwa orodha ya vitu: kitanda, keki, nguo za familia nzima. Ibada inataka vazi jeupe, na mshumaa unaowashwa kutoka mshumaa wa Pasaka. Akivileta hivyo, siku ile amemaliza. Kazi yake ndefu ni kumjua mtoto na kumfuatilia katika imani, na mwalimu wa shule asiye na mshahara wa maana anaweza kuifanya vizuri kuliko tajiri asiyeonekana tena baada ya picha.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kuandika bila kusoma. Shangazi mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama wakae ndani, wafungue bahasha pamoja, waandike. Protokoli ataje majina ya waliokuja, wote, kwa sauti moja. Beseni na mbuzi vitaonekana tu, hatuwezi kuvificha, ila kuonekana si sawa na kutangazwa kiasi. Na wazazi wampigie kila mtoaji kabla ya wiki kuisha, wamshukuru kwa kitu alicholeta, ili ajue kimefika.

Kuhusu namba ya M-Pesa au Airtel Money inayochapishwa siku hizi kwenye kadi ya mwaliko, naielewa kwa ndugu walioko Kinshasa au Ulaya ambao hawawezi kufika. Kwa jirani wa ng'ambo ya ua, kadi ya namna hiyo inasomeka kama ankara. Kadi yake iandikwe siku, saa na jina la mtoto. Namba apewe atakayeiomba.