Raize kwa barabara za Arusha na Moshi: mafuta linabana, lakini hela je?

Nina watu wawili wa karibu wenye Toyota Raize ya lita moja yenye turbo, na kila mmoja anadhani mwenzake anadanganya. Mmoja ni jirani yangu hapa Usa River, anafanya kazi Arusha mjini. Anasema gari lake linakwenda kilomita 16 kwa lita. Mwingine ni shemeji yangu, mwalimu, anaishi Marangu na kufundisha Moshi mjini. Yeye hajawahi kuona zaidi ya 11 na nukta. Pasaka walikutana nyumbani kwangu na mjadala ukaanzia kwenye supu ukafika chai ya jioni.

"Mwalimu, hilo lako lina shida, lipeleke kwa fundi," jirani akamwambia.

"Kaka, wewe unasoma dashibodi. Mimi nasoma risiti."

Nimelichukulia suala hili kwa uzito kwa sababu si la watu wawili. Kila wiki kuna mtu ananiuliza kama auze Rush au RAV4 yake ya zamani aongeze hela achukue Raize, na wengi wao hiyo hela ya kuongeza wanaikopa. Mtu akikopa milioni kadhaa kwa matumaini ya kubana mafuta, hesabu yake inapaswa kuwa sahihi kabla hajasaini.

Gari lenyewe lilitoka Japani Novemba 2019. Lina nembo ya Toyota lakini limeundwa na Daihatsu, na pacha wake anaitwa Daihatsu Rocky. Urefu wake haufiki mita nne, uzito ni kama tani moja, injini ni ya silinda tatu yenye cc 996. Kwa kipimo cha WLTC kinachotumika Japani, lile linalovutwa na matairi ya mbele tu limeandikiwa kilomita 18.6 kwa lita, na la fofwili, linalovutwa na matairi yote manne, 17.4. Hizo ndizo namba ambazo wauzaji wanazinadi, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Siku iliyofuata tulipima. Tulijaza magari yote mawili kwenye pampu moja, tukaacha bomba lilipojikata mara ya kwanza, tukarudisha kipimo cha safari kwenye sifuri. Kila mtu akarudi kwenye maisha yake ya kawaida kwa wiki mbili, kisha wakajaza tena kwa mtindo uleule. Jirani alipata 14.8, wakati dashibodi ilikuwa inamwonyesha 16.1. Shemeji alipata 11.4. Kwa hiyo jirani alikuwa anapewa sifa kidogo na dashibodi yake, lakini gari la shemeji halikuwa bovu hata kidogo.

Tofauti iko kwenye mlima. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na lango la Marangu liko zaidi ya mita 1,800. Chukua Raize na watu wanne, jumla kama kilo 1,250, uipandishe mita 900. Kazi ya kuinua uzito huo peke yake, ukiacha upepo na msuguano wa matairi, inataka karibu lita moja ya petroli, kwa sababu injini ya kawaida inageuza kuwa mwendo kama asilimia 30 tu ya nguvu iliyomo kwenye mafuta. Lita hiyo utailipa hata uendeshe kwa upole kiasi gani. Shemeji hapandi mpaka langoni kila siku, lakini sehemu kubwa ya mlima huo ni yake kila jioni.

Jirani alidai kwamba kinachopotea kwenye kupanda kinarudi kwenye kushuka. Hakirudi chote. Ukishuka injini inakula kidogo sana, ni kweli, lakini nguvu uliyoipandisha jana unaiteketeza kwenye breki na kwenye injini inayokuzuia. Wenye haki ya kudai hivyo, tena kwa sehemu tu, ni wenye Raize ya haibridi iliyoongezwa Novemba 2021. Ile ina injini ya lita 1.2 inayozalisha umeme tu, na mota ndiyo inayosukuma gari. Ikishuka inachaji betri, ingawa betri ni ndogo na mteremko mrefu huijaza kabla hujafika chini. Imeandikiwa kilomita 28 kwa lita, ila fofwili haina.

Hapa lazima niisifu turbo. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi, na wanaoishi Ilboru au Kibosho wanajua gari la lita moja la kawaida linavyolia likibeba familia. Raize hailii hivyo. Turbo inasukuma hewa ndani, gari linapanda kwa adabu. Lakini turbo ikifanya kazi, mafuta yanaingia zaidi. Injini ndogo inabana pale usipoilazimisha, na barabara ya Usa River kwenda Arusha haiilazimishi sana.

Sasa hela. Shemeji aliuza Rush yake ya mwaka 2008 akaongeza milioni 14. Anatembea kama kilomita 1,600 kwa mwezi. Rush kwenye njia ileile ilikuwa inampa 9 kwa lita, yaani lita 178 kwa mwezi. Raize inatumia lita 140. Tukiweka lita moja kwa shilingi 3,000 ili hesabu iwe rahisi, anaokoa kama shilingi 112,000 kwa mwezi, milioni moja na laki tatu na nusu kwa mwaka. Kurudisha milioni 14 kwa mafuta peke yake kutamchukua zaidi ya miaka kumi. Na kama milioni hizo zingekuwa za mkopo wa riba ya asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza tu ingefika milioni mbili na zaidi. Angekuwa anaokoa moja na kulipa mbili.

Kwa hiyo anayenunua gari hili kwa ajili ya mafuta tu anakosea, na nasema hivyo nikijua wapo watakaonikasirikia.

Lakini shemeji ana daftari. Ni daftari la shule la kurasa 96, jalada limejaa oili, na kila shilingi iliyoingia kwenye Rush imeandikwa humo kwa kalamu nyekundu kama anasahihisha mtihani. Mwaka wake wa mwisho: shokapu nne, bushi za mbele, alteneta, rejeta, na siku mbili za kuvutwa kutoka Himo. Jumla milioni mbili na laki tatu. Raize kwa mwaka mzima imemla laki saba, nyingi ni oili na filta, kwa sababu gari la turbo halivumilii oili iliyochoka. Ukiweka hilo pamoja na mafuta, anabakiwa na karibu milioni tatu kwa mwaka, na milioni 14 zinarudi kabla ya miaka mitano. Thamani ya gari hili iko kwenye umri wake. Mafuta ni nyongeza.

Ushuru nao unasukuma upande huohuo. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa umepanda kwa ukubwa wa injini, asilimia 5 kati ya cc 1,000 na 2,000 (Raize ya cc 996 iko chini ya hapo), asilimia 10 juu ya 2,000, na gari lililovuka miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu. Raize za kwanza zitaufikia umri huo mwishoni mwa 2027. Anayetaka kuagiza azingatie tarehe hiyo.

Upande wa pili unaanzia kwenye tairi. Raize ya daraja la juu inavaa 195/60R17, saizi ambayo magari machache sana mengine yanaitumia. Shemeji alipasua moja kwenye jiwe, akazunguka maduka ya Moshi, kisha Arusha, akarudi bila. Lile la daraja la chini linavaa 195/65R16, na hilo ndilo ningemshauri mtu achukue hata kama rimu zake hazipendezi.

Kisha fundi. Injini ya silinda tatu hutetemeka kidogo gari likisimama, ndivyo ilivyo. Fundi mmoja aliisikia akasema inamisi, akataka kubadilisha plagi zote. Shemeji alikataa, na alikuwa sahihi. Tatizo kubwa zaidi ni oili ya gia. Gia boksi yake ni ya CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, na anayewekewa oili ya gia za kawaida ataua kitu cha mamilioni kwa kubana elfu chache.

Na masika. Gari la shemeji linavutwa na matairi ya mbele tu. Lina kimo cha milimita 185 kutoka chini, kinachotosha mashimo ya Njiro na Moshono, lakini utelezi wa njia ya migombani hauangalii kimo. Aprili yote ameliacha kwenye maduka ya barabarani na kupanda nyumbani kwa miguu, madaftari ya wanafunzi kwapani. Rush ilikuwa inafika mlangoni. Hili yeye analisema kwa sauti ya chini, na kwangu lina uzito kuliko tofauti ya lita 38.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawaligusi. Mei 2023 ilibainika kwamba kwenye jaribio la kugongwa ubavuni kwa Rocky na Raize za haibridi, Daihatsu iliwasilisha data ya upande mmoja kama ya upande wa pili. Desemba mwaka huohuo uchunguzi ulikuta udanganyifu kwenye aina 64 za magari, na kampuni ikasimamisha usafirishaji wa magari yake yote kwa muda. Magari hayakuonekana kuua watu kwa sababu hiyo, lakini mtu anayebeba watoto ana haki ya kujua kabla ya kulipa.

Jirani yangu ningemwambia anunue tena leo hii: barabara yake ni ya lami, mizigo yake ni midogo, na hakukopa. Shemeji ningemwambia angetafuta la fofwili hata kwa kupoteza kilomita moja kwa lita, na nimemwambia. Hakujibu. Amefungua ukurasa mpya kwenye daftari, ameandika Raize juu kwa kalamu nyekundu, na mstari wa kwanza ni tairi mbili za 195/60R17, pamoja na nauli ya basi lililozileta kutoka Dar.