Shahidi Wangu wa Pekee

Trafiki aliponisimamisha Mlandizi, kwenye barabara ya Morogoro, sikuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu leseni yangu ilikuwa hai, bima ilikuwa haijaisha, na kizimamoto pamoja na pembetatu za tahadhari vilikuwa nyuma ya kiti, tayari kuonyeshwa hata kwa asiyeviuliza. Askari hakuviuliza. Aliingiza namba za gari kwenye mashine yake, akanitazama kwa upole unaotisha, kisha akasema, "Mzee, gari lako linadaiwa." Deni lilikuwa shilingi 30,000, faini ya kumulikwa na tochi karibu na Chalinze likienda kilomita 73 kwa saa mahali penye kibao cha 50.

Nilipoiona tarehe nilifurahi, jambo ambalo madereva wengi hawalifanyi mbele ya trafiki. Siku hiyo gari lilikuwa gereji Kibaha likisubiri klachi, na fundi alikuwa akiniapia kwa simu kila jioni kwamba kesho lingekuwa tayari. Mtu mwenye haraka angeomba namba ya malipo, akalipa kwa simu na kuendelea na safari. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inampa anayekana kosa nafasi ya kwenda kujitetea mahakamani, nami nilikuwa nimechoka kulipia nisivyovila. Nauli za kufuatilia shauri, ukijumlisha na supu na chapati za kumbembeleza fundi aje kutoa ushahidi, ziliipita faini yenyewe kabla hata sijasomewa shtaka.

"Si kweli, mheshimiwa," nilijibu siku ya kesi, kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi bafuni. Fundi alikula kiapo akiwa ndani ya shati la kuazima, akathibitisha kwamba gari lilikuwa mikononi mwake juma zima. Ushahidi ungeishia hapo, mimi ningekuwa nawasimulia habari ya ushindi. Ila mwendesha mashtaka aliinuka na kumwuliza iwapo gari hilo lilikuwa bovu kiasi cha kushindwa kutembea.

Fundi mwenye jina lake mjini haulizwi swali la namna hiyo.

"Lishindwe kutembea, mheshimiwa, nimelifunga mimi?" alisema, akiugeukia umma kana kwamba anatafuta wateja. "Siku hiyo hiyo nililipeleka Chalinze kulijaribu, likafika sabini na kitu bila klachi kuteleza, na wakati wa kurudi likapanda mlima likiwa na magunia ya mkaa!"

Hakimu aliacha kuandika, akavua miwani. Mimi nililikumbuka lile vumbi jeusi nililolikuta kwenye buti, ambalo fundi alinieleza kuwa ni masizi ya ekzosi, akanitoza na fedha ya kuliosha.

Niliachiwa huru, naye fundi akaombwa abaki kidogo kwa mazungumzo na mwendesha mashtaka. Alipotoka hakuonyesha hasira wala haya. Alichomoa kitabu chake cha risiti, akaandika chini ya bei ya klachi, "Gharama za majaribio ya barabarani: 30,000," akanikabidhi karatasi, kisha akaniuliza, "Bosi, gunia moja la mkaa limebaki, nikuletee nyumbani?"