Mkate wa kumimina ulivyoniulia king'amuzi

Mdomo ndo uliniponza. Kazini watu walikuwa wanasifia mikate ya supamaketi, mara huu laini, mara ule una maziwa, mi nikaropoka bila hata kuulizwa, aah nyie mkate hamuujui, njoeni kwangu Jumamosi tucheki dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, niwapikie mkate wa kumimina, mi mtoto wa Tanga bana. Nilidhani watacheka yaishe. Watu sita wakasema tunakuja, na mmoja akauliza kabisa chai itakuwa ya maziwa au ya rangi.

Kwa wasioujua, huu mkate ni wa mchele, ngano haimo. Unaloweka mchele usiku kucha, unausaga na tui zito la nazi, iliki, hamira na sukari mpaka unakuwa uji mlaini, unauacha uumuke, halafu unaumimina kwenye sufuria lenye moto lililopakwa mafuta, ndo jina lilipotoka. Huukandi kwa sababu hakuna cha kukanda, mchele hauna ule mnato wa ngano. Juu ya mfuniko unapalia makaa, chini unaacha moto kidogo tu. Zanzibar wanao, Mombasa wanao, ila kwa bibi yangu Ngamiani, kule Tanga, ilikuwa kama ibada, kila Ijumaa, na sie wajukuu kazi yetu kupepea makaa na kugombania ukingo, maana ukingo ndo unakauka unakuwa kama biskuti. Kufunua mfuniko marufuku. Ukichungulia unakula mwiko wa mkono, halafu mkate ukibonyea lawama ni zako mpaka Ijumaa ijayo.

Nimepepea yale makaa miaka kumi. Nikajua najua kupika, kumbe najua kupepea.

Nikamwomba shangazi maelekezo, akanitumia voisi ya dakika nne, mbili za kwanza salamu na kunisema kwa nini sioi, mbili zilizobaki mapishi, na kila kitu ni kiasi. Tui kiasi. Sukari kiasi, usizidishe. Hamira kijiko, ila angalia na hali ya hewa. Uji usiwe mzito usiwe mwepesi. Haya, asante shangazi. Ukoo mzima hakuna aliyewahi kupima kitu, kipimo pekee ninachokumbuka ni kikombe cha bati cha bibi, nacho kimebonyea upande mmoja, kwa hiyo hata chenyewe ni kiasi.

Ijumaa asubuhi nikaloweka vikombe vitatu vya mchele nikaenda kazini. Usiku nikasaga kwenye blenda, hamira nikachota na kijiko cha kulia wali, viwili, vya mlima, maana wageni wengi. Kisha nikakumbuka bibi uji alikuwa anauweka sehemu yenye joto. Jamani Dar es Salaam nzima ni sehemu yenye joto, ungeumuka hata chini ya kitanda, ila mi nikataka joto la uhakika nikauweka juu ya king'amuzi. Kile kidude kikiwaka muda mrefu unaweza kukaushia soksi, na nimeshawahi. Nikakiacha kinawaka, bakuli juu yake, kitambaa juu ya bakuli, nikalala na amani zangu.

Saa tisa usiku nasikia tsss... tsss... Nikajua nyoka. Nikawasha tochi ya simu nikiwa bado juu ya kitanda, miguu nimeikunja, namulika pembeni huko naona uji umepanda, umevuka bakuli, umekibeba kile kitambaa kichwani kama mwali anatolewa nje, unashuka taratibu bila haraka na kuingia kwenye vitundu vya king'amuzi kimoja baada ya kingine. Taa nyekundu ikapepesa mara mbili. Ikazima.

Kumekucha nikampigia bibi mwenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu, leo umenikumbuka?"

Nikamweleza. Kimya kidogo.

"Hamira ulitia ngapi?"

"Vijiko viwili."

"Vijiko gani?"

"Vya wali."

"Yarabi. Na ukauacha tangu saa ngapi?"

"Tangu usiku, bibi, si ndo mnavyolaza?"

"Mume wangu, kinacholala ni mchele. Uji haulali."

Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka nikasikia anamwita jirani aje asikilize, vocha yangu inakatika huku wao wanasimuliana.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mi nikaangalia bakuli, umebaki kama nusu, umechachuka unanuka kama togwa ya juzi, nikasema sukari itaficha. Nikawasha jiko la mkaa uani, sufuria likapata moto, nikamimina, nikafunika, makaa juu nikapalia kama nilivyokuwa naona Ngamiani. Kitu kimoja sikukiona. Mfuniko wa bibi ni bati tupu, flati, mweusi kuliko sufuria lenyewe. Mfuniko wangu nilinunua Kariakoo, mzuri, una kishikio cha plastiki katikati.

Na mimi najua sheria, kufunua marufuku. Kwa hiyo moshi ulipoanza kutoka, tena moshi mweusi, mi napepea tu. Mama mwenye nyumba akatoka na kanga mdomoni, "Baba, unachoma tairi?" Namjibu hapana mama, mkate. Akaangalia jiko, akaniangalia mimi, akarudi ndani akafunga madirisha yote.

Kuja kufunua, kwa koleo maana kishikio hakipo tena, kishikio kimeyeyuka kikapita kwenye tundu la skrubu na kudondokea katikati ya mkate, kimekaa pale cheusi kinang'aa kama zabibu kubwa kuliko zote duniani. Pembeni umeungua, chini mbichi. Ila ukingo, wallahi, ukingo ulitoka vizuri.

Saa kumi jamaa wakaingia, sita kama walivyoahidi. Hakuna mkate, hakuna mpira. Nikawagawia ukingo kipande kimoja kimoja na chai ya rangi, mmoja akasema sio mbaya, una ladha kama ya gereji. Tukaenda kibanda umiza, kiingilio nikawalipia wote, na timu yangu ikafungwa, jina silitaji maana nimeshaumia vya kutosha.

Jumatatu nikapeleka king'amuzi kwa fundi. Akakifungua, akakaa kimya, akachukua bisibisi akabanduabandua kitu cheupe kigumu, akakinusa.

"Kaka, hii ni nini?"

"Mkate."

"Mkate wa nini?"

"Wa kumimina."

Akaita mafundi wenzake wawili.

Kilipona, sema kikiwaka zaidi ya saa moja chumba kizima kinanukia iliki, wageni wananiuliza nimepika nini. Na bibi siku hizi nikipiga hata salamu hajibu kwanza, anauliza, "Mume wangu, runinga imeumuka?"